Zamu ya Mejumaa

Alhamisi ile Mwanarusi alitoka kazini mapema, saa kumi na nusu, kwa sababu mashine ya kusagia vioo vya miwani ilikuwa imekatika mkanda, na tajiri wake akasema hakuna maana ya watu kukaa dukani wakitazamana. Alinunua kichane cha ndizi sukari pale pale Ganjoni, akapanda tuktuk hadi Tudor. Chini ya ghorofa yao aliishi Everlyne, mama mmoja kutoka bara, ambaye ndiye aliyemlelea Mwanarusi bintiye, Mishi, mchana. Mwanarusi alibisha akiwa ameshainama kidogo, maana mtoto huyo wa miaka miwili alikuwa na mazoea ya kutoka mbio na kumgonga magotini.

Everlyne alifungua akiwa peke yake.

"Mama Mishi," alisema, "kwani hujaambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Nyanyake alikuja kumchukua asubuhi, hata saa nne haijafika. Nilimpigia Baba Mishi kumwuliza, akasema nimpe, hakuna neno. Akaniambia nitoe na ule ufunguo wa akiba mlioniachia, nimfungulie, achukue vitu vya mtoto. Nilidhani mmepanga."

Mwanarusi alipanda ngazi, akafungua mlango, akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Rafu ya chini, ya nguo za Mishi, ilikuwa tupu. Hazikuchukuliwa nguo za siku moja au mbili. Zilichukuliwa zote: magauni, sweta ambayo hajaivaa hata mara tatu, viatu vya Idi, na kile kitabu cha kliniki. Aliyezifungasha hakuwa na haraka, kwa sababu hata vumbi la rafu lilikuwa limepanguswa.

Hakuhitaji kuelezwa. Zilikuwa zimepita wiki mbili tangu Mishi aachishwe ziwa.

Alimpigia mumewe. Zakariya alikuwa fundi wa kontena za baridi bandarini, na makelele ya mitambo yalimfanya kila mara aongee kama mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya barabara.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko Kuze kwa mamako. Nilitaka kukueleza jioni."

"Unieleze nini jioni? Nguo zake zote hazipo."

Ulisikika mlango ukifungwa, makelele yakapungua. "Mwanarusi, hii ni ada yenu, si yetu. Miye niliambiwa siku ya posa. Nyanyako Bi Maisara aliniketisha akaniambia, mtoto wenu wa kwanza wa kike, akiacha ziwa, atarudi kwetu. Nikasema hewala. Ningesema nini? Nilikuwa nataka mke."

"Ulikubali."

"Mbele ya wazee wote."

"Na miye nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa ndani na wanawake wenzako. Nilidhani wajua. Si weye mwenyewe ndivyo ulivyolelewa?"

Mwanarusi alikata simu. Alizitoa ndizi mkobani akaziweka mezani taratibu, na mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Hasira yake ilikuwa ya kupanda polepole, kama maji kisimani, na watu waliomzoea walijua kuiogopa zaidi pale anapokuwa kimya.

Ada yenyewe ilikuwa hivi. Katika ukoo wao, upande wa wanawake, binti wa kwanza hakulelewa na mamake. Akishaacha ziwa alipelekwa kwa nyanyake mzaa mama, akakaa huko mpaka aolewe. Watoto wengine wote walibaki kwa mama yao. Waliolieleza jambo hili walilieleza kwa fahari. Walisema msichana aliyezaa mara ya kwanza ni mtoto bado, hajui kulea, ataharibu kiumbe cha watu. Lakini nyanya amekwisha kupitia yote, ana subira, anajua dawa, anajua kunyamaza na anajua kukemea. Walisema pia kwamba kwa njia hiyo nyumba ya mzee haikosi mtu wa kumpa maji. Majirani wa Kuze, mtaa wao wa Mji wa Kale, waliwasifu, wakisema watoto wa nyumba ile wana adabu kuliko wote mtaani.

Ila Bi Maisara, nyanyake Mwanarusi, mwaka ule wa ugonjwa wake wa mwisho, alimweleza asili ya mambo bila mapambo. Nyanya wa nyanyake yeye Bi Maisara alitoka upande wa Kwale akaja mjini kutafuta kazi, akapata uyaya katika nyumba ya tajiri mmoja mtaa wa Ndia Kuu. Tajiri hakutaka yaya mwenye mtoto mgongoni. Basi akamwachia mamake bintiye, akaenda kulea watoto wa watu. Binti yule alipokua na kuzaa, mama yule akamwambia: miye sikupata kumlea wangu, nipe wako. "Hakuna jengine zaidi ya hilo," Bi Maisara alisema, huku akivutavuta shuka. "Ilikuwa shida tu. Sisi ndio tuliokuja kuivika nguo nzuri."

Mwanarusi alilelewa na Bi Maisara, na akitaka kusema kweli alilelewa vizuri. Hakulala njaa, hakupigwa, alisomeshwa chuo cha Kurani na skuli. Alimwita Bi Maisara Mama. Na kila Ijumaa baada ya swala alikuja mwanamke kijana kutoka Likoni, mwembamba, ameshika kifuko cha kashata, akaketi ukingoni mwa kiti kama mgeni anayengoja kuruhusiwa aondoke. Huyo aliitwa Dada Mejumaa. Dada Mejumaa hakumbeba wala hakumpakata. Alimtazama tu. Mara nyingine alinyoosha mkono kumtengenezea ukosi wa gauni, Bi Maisara akakohoa, mkono ukarudi mahali pake.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu mwalimu alipotaka vyeti vya kuzaliwa ili awasajili kwa mtihani wa darasa la nane. Mwalimu alisoma jina la mama kwenye cheti, akaliandika: Mejumaa. Mwanarusi alimwambia, "Mwalimu, hapo pana makosa. Huyo ni dada yangu." Darasa likacheka, wala si kwa ubaya. Alirudi nyumbani na karatasi mkononi, akamkuta Bi Maisara akichagua mchele.

"Ndiyo," Bi Maisara alisema alipokwisha kuulizwa, "ndiye aliyekuzaa."

"Basi weye ni nani?"

"Miye ni mamako." Na akaendelea kuchagua mchele.

Likizo ile walimpeleka Likoni siku tatu, azoeane na nduguze wawili, wavulana. Jioni ya pili Mejumaa alikuwa akimwosha mdogo, wa miaka minne. Sabuni ilimwingia machoni, akalia, na Mejumaa alicheka akampulizia macho, akampulizia tena, mpaka yule mtoto naye akacheka. Mwanarusi alisimama mlangoni na taulo aliloambiwa ashike. Hakuna aliyemkosea hata kwa neno. Lakini kuanzia siku ile kitu kigumu kilimkaa kifuani, na hakuwa na wa kumshtakia, maana kila aliyejaribu kumgusia alimjibu: weye una mama wawili, wataka nini tena?

Alipojifungua Mishi, Bi Maisara alikuwa amefariki. Mejumaa, ambaye naye alikuwa amefiwa na mumewe na wanawe wameondoka, alikuwa amehamia vyumba vile vile vya Kuze. Alikuja Tudor siku arubaini, akamkanda mzazi na kumfunga mkaja tumboni, akamwosha mtoto. Mwanarusi alimwona jinsi alivyomtazama yule mtoto. Alipata nafasi mia za kusema, huyu haendi popote. Hakusema hata moja. Alidhani ada ile imezikwa na Bi Maisara, na kwamba kimya chake kitatosha kuwa jibu. Kwa hilo alijilaumu, na kule kujilaumu kulimzidishia hasira njia nzima kutoka Tudor hadi Mji wa Kale.

Alishukia karibu na msikiti akaingia vichochoro kwa miguu. Mlango wa Kuze ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo ili upepo upite. Alivua viatu, na akasikia sauti kabla hajaona watu.

"Sema tena. Miye ni nani?"

"Nyanya," Mishi alisema, mdomo umejaa.

"La. Nyanya ni ya jana. Sema Mama."

"Mama."

"Ee, mwanangu. Na yule wa Tudor, yule atakayekuja Ijumaa kukutazama, ni nani?"

Mishi akacheka, akidhani ni mchezo. "Mama."

"Yule ni Dada. Dada Mwanarusi. Haya, sema."

Mwanarusi aliingia. Hata kwa hasira ile hakuweza kuvuka kizingiti kile bila salamu, akatoa salamu, na Mejumaa akaitikia bila kuinuka. Alikuwa ameketi mkekani, sahani ya wali wa nazi na samaki mbele yake, akichambua miiba kwa vidole na kumlisha mtoto tonge moja moja. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa upya. Kwenye kona palikuwa na kitanda kidogo chenye ubao wa pembeni wa kumzuia mtoto asianguke, na chandarua kimeshafungwa. Nguo za Mishi zilikuwa zimekunjwa na kupangwa rafuni kwa rangi zake. Ilionekana wazi kwamba mambo haya hayakufanywa leo wala jana.

"Leo Alhamisi," Mejumaa alisema. "Umekuja mapema."

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Keti kwanza. Mtoto anakula."

"Sikuja kuketi, Dada."

Mejumaa alinawa vidole katika bakuli, akavipangusa kwa leso, kidole baada ya kidole. Alikuwa na miaka arubaini na minane, na uso wake haukuwa na mikunjo isipokuwa miwili, kando ya mdomo. "Mumeo amekubali. Wazee wanajua. Nimekuachia miaka miwili kamili ya kunyonyesha, sikukuharakisha hata siku moja. Wengine huchukuliwa wakiwa na mwaka na nusu. Weye wanidai nini?"

"Ulimfundisha nini mtoto sasa hivi?"

"Nilimfundisha kama ulivyofundishwa."

"Miye niliishi miaka kumi na mitatu na uwongo mdomoni. Nilichekwa na darasa zima nikidhani mwalimu kakosea. Na weye ulikuwa ukija na kashata zako, wakaa pale, wanitazama kama kitu dukani."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nifundishe na miye."

Mishi aliacha kutafuna. Mejumaa alimsogeza taratibu akamweka kando ya mto, akampa kipande cha embe ashughulike nacho. Kisha akainuka.

"Weye wajua nilivyofanywa?" alisema, na sauti yake ilishuka badala ya kupanda. "Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Maziwa hayajakauka, walinifunga kifua kwa leso, nikaambiwa nisionekane Kuze mwezi mzima, mtoto asahau. Nilikuwa nikivuka feri kila jioni. Nasimama kwenye mlango wa fundi cherehani, hapo mkabala, nakutazama ukicheza barazani. Yule fundi alinionea huruma akanipa kiti. Siku moja ulianguka ukachubuka goti, ukalia, Mama, Mama. Nikainuka. Bi Maisara akatoka ndani akakuokota, ukanyamaza. Nikaketi tena. Wajua maana yake, mtu kuketi tena?"

"Najua kwamba uliketi," Mwanarusi alisema.

Mejumaa aligeuza uso upande wa mlango.

"Kichochoro hiki upana wake ni hatua sita," Mwanarusi aliendelea. "Nimezihesabu tangu utoto. Miye nilikuwa na miaka miwili na goti linatoka damu. Weye ulikuwa mtu mzima mwenye miguu yake."

"Ningevunja neno la mamangu?"

"Mama gani? Weye nawe ulilelewa na nyanyako. Bi Maisara ulikuwa humjui zaidi ya Ijumaa kwa Ijumaa."

"Ndiyo sababu." Mejumaa alisema hivyo haraka, kisha akaonekana kana kwamba angependa kuyarudisha maneno. "Ndiyo sababu, Mwanarusi. Hakupata kunipenda. Hakujua aanzie wapi. Siku niliyokuleta hapa kakupokea, kanishika shavu, kaniambia, ahsante mwanangu. Hakuwa ameniita hivyo maisha yangu yote. Nilimpa nilichokuwa nacho."

Mwanarusi alimwona mwanamke huyu akiwa msichana, amesimama pale pale mlangoni na mtoto mikononi, akimnyooshea mtu mwengine ili aguswe shavu. Angeweza kumwonea huruma. Lakini huruma ilipokuja ilipita upande, na kilichobaki kilikuwa kikali kuliko mwanzo, kwa sababu sasa alijua kwamba hata ile ada, hata yale maneno ya adabu na subira na nyumba ya mzee, hayakuwa sababu.

"Kwa hivyo nilikuwa zawadi," alisema.

"Nimengoja miaka ishirini na saba. Wavulana niliwalea, ndiyo, lakini wavulana walikuwa wa baba yao, walikuwa wa mpira na wa barabarani. Kila nilipowaosha niliwaza, yuko anayeoshwa na mtu mwengine. Nikajiambia, subiri, Mejumaa, zamu yako itakuja. Bi Maisara alingoja ikaja. Nyanyangu alingoja ikaja. Sasa ni yangu. Hii ni haki yangu."

"Haki yako ilikuwa miye, na hukuidai."

Alipita kando yake, akamwinua Mishi mkekani, mikono ya embe na yote. Mtoto alijaribu kuteleza arudi chini. Siku yake ilikuwa nzuri na hakuona kwa nini ikatizwe. Mwanarusi alimbana ubavuni, akazikomba nguo rafuni kwa mkono wa pili akazitupa ndani ya leso, akaifunga. Alipogeuka, Mejumaa alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameiegemeza kwenye miimo, kushoto na kulia.

"Hatoki."

"Nipishe."

"Hatoki, Mwanarusi. Weye bado mwanamke mchanga. Utazaa wengine."

Maneno yale Mwanarusi hakuwahi kuambiwa, lakini alijua mara moja kwamba Mejumaa aliambiwa, mahali pale pale, na kwamba aliyemwambia naye aliambiwa kabla yake. Wote waliambiwa, na wote waliinamisha vichwa wakaenda kuzaa wengine.

"Mama," alisema, "nipishe mlangoni."

Hakuwahi kumwita hivyo. Tangu kile cheti, tangu arusi yake, tangu zile siku arubaini, alikuwa Dada tu, au bila jina. Mejumaa alimtazama kama mtu aliyepigiwa simu aliyoingoja mno akasahau ilikuwa ya nini. Mikono yake haikushuka. Na Mwanarusi, huku neno lile likiwa bado mdomoni, alimsukuma kwa bega.

Hakukusudia nguvu ile. Au alikusudia, hata baadaye hakuweza kujua. Mejumaa alirudi nyuma, akakosa kidato cha mlangoni, akaanguka nje juu ya mawe ya kichochoro, mkono umekunjika chini yake. Kilisikika kitu kama kijiti kikikatika. Mishi alipiga ukelele, "Nyanya," akanyoosha mikono. Mwanarusi alichukua viatu vyake akapita. Hakugeuka nyuma mpaka alipofika barabara kubwa, na hapo alimbana mtoto hivi kwamba dereva wa tuktuk alimwuliza kama ni mgonjwa.

Zakariya alikuta nguo zimerudi rafuni na mkewe ameketi na mtoto mapajani. Alianza kusema kwamba nia yake haikuwa mbaya.

"Umetoa kisicho chako," Mwanarusi alimwambia, "kwa sababu ulikuwa ukitaka mke. Basi mke unaye. Godoro la wageni liko sebuleni, na utalala hapo mpaka nikuambie." Alilala hapo mpaka mwezi mwengine ukaandama, na hakulalamika. Kila siku alimtengenezea mtoto uji asubuhi kabla ya kwenda bandarini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla.

Mjomba mmoja, mdogo wa Mejumaa, alipiga simu siku ya pili kumkaripia. Alisema amesikia kwamba amevunja ada ya kina mamake, kwamba amewaaibisha wazee waliokaa posani. Mwanarusi alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mjomba," alimwuliza, "weye ulilelewa na nani?"

"Na mamangu, Bi Maisara."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikaoa."

"Basi kwa jambo hili usiniambie kitu." Na kwa heshima alimuaga kwa salamu kabla ya kukata.

Mjomba huyo ndiye aliyemwambia, katikati ya karipio lile, kwamba Mejumaa ameteleza uani kwenye maji ya kufulia akavunjika kifundo cha mkono, na majirani wamempeleka hospitali. Mwanarusi aliomba ruhusa kazini akaenda Kuze mchana ule ule. Alimkuta Mejumaa kitandani, mkono umefungwa plasta mpaka kiwiko, shati la ndani amelivaa mgeuzo kwa kuwa hakuna wa kumvisha.

"Kwa nini hukusema kweli?"

"Ningesema nini?" Mejumaa alijibu akitazama ukuta. "Kwamba mwanangu kanisukuma? Mtaa huu weye ni mtoto wa Bi Maisara. Wangeniuliza, mwanao yupi."

Mwanarusi alimvua lile shati akamvisha vizuri. Hakuomba radhi, kwa sababu kila alipoifikiria radhi ilikuja imeshikana na mambo mengine ambayo naye alistahili kuombwa. Alipika, akafagia, akajaza mitungi. Alikuja tena Jumapili. Kwa wiki sita alikuja Ijumaa na Jumapili, na alikuja na Mishi. Alimwambia Mejumaa siku ya kwanza aliyokuja naye, kabla hajamshusha mtoto, "Utaitwa Nyanya. Nikisikia jina jengine, itakuwa mara ya mwisho." Mejumaa alipomwita mtoto aje akae karibu, alijiita Nyanya.

Hawakupatana. Anayedhani kazi za mikono hulainisha mioyo hakuwaona wale wawili. Mwanarusi alifua shuka kwa hasira, akazikamua kama anayezinyonga. Mejumaa alilalamika kwamba mchuzi una chumvi, kwamba chandarua kimefungwa vibaya, kwamba Mishi anavishwa nguo za joto. Wakati mwingine walipita saa nzima wakisemeshana kupitia kwa mtoto. Mwambie Nyanya chai iko tayari. Mwambie mamako sitaki chai. Na Mishi, aliyependa kutumwa, alikwenda mbio kutoka uani hadi chumbani akiyapeleka maneno nusu nusu.

Ijumaa ya sita, plasta ilikuwa imeshatolewa asubuhi. Mkono ulikuwa umekonda na ngozi imepauka. Mwanarusi alikuwa uani akisuuza masufuria ya mwisho, akijua kwamba kuanzia wiki ijayo hatakuwa na sababu ya kuja mara mbili. Mejumaa alitoka akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akaunyoosha ule mkono mapajani akautazama.

"Nimefikiri," alisema. "Mtoto ni wako. Sitamtaka tena."

Mwanarusi aliendelea kusuuza.

"Lakini miye pia ni mtu," Mejumaa alisema. "Siwezi kutoka hivi hivi, sina wa mwanzo wala wa mwisho. Basi uje weye. Wiki moja tu. Mishi abaki na babake, uje ulale hapa. Nikupikie. Nikusuke nywele. Nilikuwa sijapata kukusuka hata mara moja."

Sufuria ilimponyoka Mwanarusi ikalia juu ya saruji. Alikuwa amelitaka neno hilo akiwa na miaka kumi na mitatu, ameshika taulo mlangoni kule Likoni, na angelipewa siku ile angevuka feri kwa miguu juu ya maji. Sasa lilikuja na yeye ana mume, ana kazi, ana mtoto wa kumlaza, na limekuja baada ya kila kitu kingine kukataliwa.

"Nina miaka ishirini na tisa," alisema.

"Najua umri wako. Nilikuwepo."

"Wanitaka miye sasa kwa kuwa umemkosa Mishi."

Mejumaa hakukanusha. "Labda," alisema. "Sijui. Nimezoea kungoja, sijui mtu huanza vipi kuomba."

Mwanarusi aliiokota sufuria, akaiosha upya, akaifudikiza pamoja na nyingine. Alijipangusa mikono kwa leso. Alikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa makali, na alijua kwamba akifungua mdomo yatatoka yote kwa pamoja mbele ya mtoto. Alimwita Mishi, akamvisha viatu.

"Sitakuja kulala," alisema mwishowe. "Sasa sitaki. Huenda nisitake kamwe, na usinione mbaya."

"Haya."

"Na nywele zangu nasukiwa Tudor, kwa watu ninaowalipa."

"Haya, Mwanarusi."

Alimwambia Mishi amuage nyanyake, naye akaaga kwa salamu bila kuongeza jina. Kichochoroni mtoto alimwuliza kwa nini analia, akamwambia ni vitunguu, na Mishi, ambaye siku ile hakuona kitunguu, alimtazama kwa mashaka lakini hakumpinga.

Wiki iliyofuata alikuja peke yake, Jumamosi, siku ambayo haikuwa ya mtu yeyote. Hakupika wala hakufagia, kwa kuwa Mejumaa alikwisha kupona. Aliketi kitini, si ukingoni, akakunja miguu, uso wake mkali vile vile, na Mejumaa alimletea chai, akaketi mkabala wake.